Hadithi zisizo na Jumamosi

Swali ambalo wanafunzi wangu wa theolojia huniuliza kwa sauti ya chini, wenzao wakishatoka darasani, si la Utatu Mtakatifu wala la ubatizo wa watoto wachanga. Ni hili: "Mwalimu, hivi mtu aliyeokoka anaruhusiwa kusoma riwaya?" Wakisema riwaya hawana maana ya vile vitabu vya ushuhuda vinavyouzwa nje ya kanisa baada ya ibada, vya mtu aliyekwenda kuzimu akarudi na ramani. Wana maana ya kina Kezilahabi, vitabu walivyovisoma sekondari kwa ajili ya mtihani, na mtihani ukapita, lakini kitabu kikabaki kinawakereketa.

Huwa nawajibu kwamba swali limechelewa. Wameshasoma. Kilichobaki ni kukubali kuzungumza na walichokisoma au kujifanya hakikuwapo.

Mimi ni Mlutheri, mtoto wa Mlutheri, nimekulia Mbagala na nafundisha Agano la Kale katika chuo kimoja cha kanisa hapa Dar es Salaam. Hiyo ndiyo kazi inayonilipa. Kazi nyingine, ambayo mke wangu anaiita ugonjwa, ni kununua vitabu vya mtumba vinavyopangwa chini pale Posta na kuangalia filamu za Kiswahili mpaka majina ya wapiga picha yapite. Watu wa kanisani wanaijua tabia hii na wanaisamehe, kama wanavyomsamehe mzee mwenye kupenda ugoro. Wachache tu ndio wananiuliza nafaidika nini. Leo nawajibu hao wachache.

Nianze na kitabu chenyewe kinachotajwa kila mara. Rosa Mistika kilitoka mwaka 1971. Jina hilo ni mojawapo ya sifa za Bikira Maria katika litania, na Euphrase Kezilahabi, aliyepitia seminari ya Nyegezi kabla ya kufika Chuo Kikuu pale Mlimani, alijua vizuri anachofanya alipompa jina hilo msichana wa Ukerewe ambaye baba yake, mlevi, anamtandika kwa sababu ya barua ya mvulana. Kitabu kilizuiwa mashuleni kwa muda. Baadaye kikaruhusiwa, kikafundishwa, kikawa cha kawaida kabisa, na nadhani kukifanya cha kawaida ndiko kulikokidhuru zaidi, maana sasa vijana wanakikariri kwa vipengele: dhamira, wahusika, mandhari, basi.

Waliosema kinafundisha uasherati walikuwa wakisoma ukurasa, hawakusoma kitabu. Ninachokiona mle ni hoja kali juu ya malezi, na kwa mtu wa kanisa ni hoja inayouma. Zakaria anamlinda binti yake kwa fimbo. Fimbo inaishia kwenye lango la shule. Ndani ya Rosa hakuna kilichopandwa cha kusimama mahali pa fimbo, hivyo anaanguka, na anapotaka kurudi hakuna anayemshikia mlango. Mwanamume aliyemtegemea anamwacha kwa kuwa si bikira. Rosa anajiua. Hakuna mchungaji anayeingia mbio na Biblia mkononi, hakuna sauti kutoka mbinguni inayomzuia mkono. Hiyo ndiyo sehemu inayowasumbua wanafunzi wangu, na inanisumbua mimi pia, kwa sababu tumezoea kwamba mtu wa Mungu lazima atokee.

Katika makanisa yetu mengi aliyejiua huzikwa bila kwaya, bila kengele, mara nyingine bila mchungaji. Kanuni hiyo ina historia ndefu na wapo wanaoitetea kwa hoja nzito. Lakini nimekaa kwenye misiba ya namna hiyo, kwenye viti vya plastiki chini ya turubai, nikaona jinsi watu wanavyokosa la kusema. Kwenye msiba mwingine maneno huwa yapo tayari: Bwana alitoa, Bwana ametwaa, tutaonana asubuhi njema. Kwenye huu hayapo. Mama wa marehemu anaangalia chini na wageni wanaangalia simu. Watu hawana maneno kwa kuwa hawajawahi kusikia maisha ya namna hiyo yakisimuliwa kanisani kutoka mwanzo mpaka mwisho, bila kukatizwa na aya ya kufariji. Kezilahabi alisimulia. Akasimulia tena katika Kichwamaji, mwaka 1974, kwa msomi Kazimoto ambaye hata ule mlango wa kurudi hautafuti. Sikubaliani na Kazimoto karibu kila ukurasa, lakini nikienda kwenye misiba ile sasa najua angalau kukaa na kunyamaza, na kusema jina la marehemu.

Sasa geukia filamu zetu.

Ukiniambia njama ya filamu kumi za Bongo Movie za enzi za mikanda na sidii, naweza kukusimulia mwisho wa nane kabla hujanywa chai. Ndugu ana wivu. Anakwenda kwa mganga. Ndoa inayumba, mtoto anaugua, biashara ya Kariakoo inafilisika, kuna jini lenye kucha ndefu na moshi uliowekwa na kompyuta. Saa nzima na zaidi tunakaa na shetani, kwa raha zetu, tukimwona anavyopanga, anavyocheka, anavyokula. Halafu, zimebaki dakika kumi, anaingia mchungaji mwenye koti kubwa kuliko mabega yake. "Toka!" Jini linatoka. Mume analia, mke anasamehe, majina yanapita.

Sinung'uniki juu ya ubora wa picha, wala sauti ya upepo ndani ya maikrofoni. Watu walikuwa wakipiga filamu kwa siku chache na kwa fedha ya mfukoni, na walijenga biashara nzima kabla serikali haijajua iite nini. Wala sinung'uniki juu ya majini. Mtoto wa Mbagala hawezi kujifanya hayajui. Ninachonung'unikia ni kitheolojia: Mungu hapewi muda. Shetani anapewa hadithi, Mungu anapewa tukio. Filamu inaruka kutoka Ijumaa Kuu mpaka Pasaka bila kulala usiku hata mmoja katikati.

Injili zenyewe hazina mengi ya kusema juu ya siku ile ya katikati. Luka anatupa mstari mmoja tu: wanawake waliandaa manukato, "na siku ya sabato walistarehe kama ilivyoamriwa." Basi. Hawajui kwamba kesho kuna kaburi tupu. Wanajua tu kwamba mtu wao amekufa na sheria inawakataza kufanya kazi. Nimehubiri miaka mingi na bado sijasikia mchungaji akichagua mstari huo kuwa neno kuu la mahubiri. Tuna ibada ya Ijumaa Kuu ya saa nyingi, tuna alfajiri ya Pasaka na tarumbeta, lakini Jumamosi sisi Walutheri wa Dar tunafua mashati meupe na kununua kuku.

Steven Kanumba alifariki alfajiri ya Jumamosi Kuu. Tarehe 7 Aprili 2012, Sinza, akiwa na miaka 28. Kama ulikuwa mjini wiki ile huhitaji nikuambie ilivyokuwa. Alianzia kwenye michezo ya runinga ya Kaole, akawa sura ya filamu ya nchi hii, akavuka mpaka Nigeria na kurudi na waigizaji wao, na ghafla hayupo. Kwenye daladala hakukuwa na habari nyingine. Kinamama wa sokoni walikuwa wanalia kama wamefiwa na mtoto wa tumbo lao, na wengi wao hawakuwahi kumwona ila kwenye kioo.

Siku iliyofuata ilikuwa Pasaka. Kanisani kwetu mhubiri alihubiri vizuri sana juu ya ufufuo; alitupeleka Korintho, akatupeleka kwa Tomaso, akarudi. Hakumtaja Kanumba. Nadhani aliona ni jambo la kidunia lisilopaswa kuingia madhabahuni. Nyuma yangu vijana wa kwaya walikuwa wakipitishiana simu chini ya vitabu vya nyimbo. Mji mzima ulikuwa bado uko Jumamosi, na sisi ndani tulikuwa tumeshafika Jumapili peke yetu. Jumanne yake, kwenye viwanja vya Leaders, watu walijaa mpaka wengine wakazimia, kisha wakamzika makaburi ya Kinondoni. Umati ule ulikuwa na swali ambalo kanisa ndilo lenye kazi ya kulibeba, na sisi tulikuwa tumelipita kwa mwendo wa kwaya.

Naongeza hapa jambo ambalo kizazi cha simu hakilijui sana. Mji huu umezoea kulia pamoja gizani. Mwaka 1966 ulifunguliwa uwanja wa sinema wa kuangalia ukiwa ndani ya gari, kule Msasani, na watu wa dini zote walikwenda na mikeka, chupa za chai na watoto waliolala viti vya nyuma, kuangalia akina mama wa Kihindi wakiteseka. Leo pale pana ubalozi wa Marekani, uliohamia baada ya bomu la Agosti 1998, na ukipita na kamera yako utaambiwa uendelee na safari. Mjini kulikuwa na majumba ya sinema kama Avalon, Empire na Odeon. Hakuna aliyeuliza mlangoni kama umeokoka.

Sisi wa Mbagala tulikuwa na kitambaa cheupe na jenereta. Filamu ya Yesu, ile ya mwaka 1979 iliyofuata Injili ya Luka, ilitembezwa katika nchi hii kijiji kwa kijiji na mtaa kwa mtaa, ikiwa imewekewa Kiswahili. Mwigizaji wa Yesu ni Mwingereza, Brian Deacon, na Kiswahili alichovalishwa kilikuwa kimetulia kama cha mtangazaji wa taarifa ya habari. Nusu ya waliokaa kwenye mchanga ule walikuwa Waislamu, majirani zetu. Ilipofika msalabani nilitegemea waondoke. Hawakuondoka. Mama mmoja aliyekuwa akituuzia maandazi alivuta khanga akajifuta uso, akamwambia mama yangu, "Najua si yeye, lakini inauma." Katika imani yake Isa hakusulubiwa, mwingine ndiye aliyeonekana pale. Lakini alikaa mpaka mwili ukashushwa, na kwa dakika zile alikuwa amefika mbali kuliko sisi tuliokuwa tukisubiri kwa hamu afufuke ili tuende kulala.

Tofauti kubwa ni mabanda umiza, vile vibanda vya video vya mitaani. Mle, filamu ya Kihindi au ya Kichina haikuachwa iseme yenyewe. Ilikuwa na mkalimani juu yake, na bingwa wao alikuwa Lufufu. Alitafsiri, akaeleza, akaonya, akataja mitaa ya Dar ndani ya Hong Kong, akamhukumu mhusika kabla hakimu hajafika. Nampenda Lufufu. Nimewahi kumtumia darasani kueleza maana ya ufafanuzi wa maandiko, na wanafunzi walielewa haraka kuliko nilipotumia wanatheolojia wa Kijerumani. Ila kuna kitu kimoja mkalimani wa banda umiza hakivumilii, nacho ni kimya. Mhusika akitazama bahari bila kusema, lazima asemewe. Wahubiri wetu wamerithi kipaji hicho, na kasoro hiyo.

Nimesema filamu na mahubiri yetu hayajui kungoja. Fasihi ya Kiswahili inajua, na imejua kwa karne nyingi, kwa sababu ya utenzi. Hapa lazima Mkristo wa Dar akubali deni. Utendi wa Tambuka, mmoja wa tenzi kongwe tulizo nazo, hati yake ni ya mwaka 1728, una beti zaidi ya 1,000, na unasimulia vita vya Waislamu dhidi ya Herekali, yaani Herakli, mfalme Mkristo wa Rumi ya Mashariki. Katika utenzi huo sisi ndio tunaopigwa. Mizani nane kila kipande, vina vitatu vinavyofanana, kina cha nne kikishikilia kamba moja kutoka ubeti wa kwanza hadi wa mwisho. Chombo hicho kilichongwa na washairi Waislamu wa pwani, na walikichonga vizuri mno.

Kisha angalia kilichotokea. Mathias Mnyampala, Mkatoliki, Mgogo wa Dodoma, akachapisha Utenzi wa Enjili Takatifu mwaka 1963 na Utenzi wa Zaburi mwaka 1965. Julius Nyerere, ambaye watu wanamkumbuka kwa Juliasi Kaizari na Mabepari wa Venisi, aliweka Injili na Matendo ya Mitume katika tenzi, na Wabenedikto wa Ndanda na Peramiho wakazichapa mwaka 1996. Rais mstaafu anakaa Butiama anahesabu mizani za Mathayo! Sijui nchi nyingine yenye picha ya namna hiyo, na inanishangaza kwamba vitabu hivyo havionekani kwenye meza za vitabu nje ya makanisa yetu, ambako nafasi imejaa namna ya kuwa tajiri kabla ya miaka arobaini.

Nimewapa wanafunzi zoezi: chukua mfano mmoja wa Yesu uutie katika utenzi. Kanuni wanazipata kwa Kaluta Amri Abedi, kwenye kitabu chake cha mwaka 1954 cha sheria za kutunga mashairi; naye alikuwa shehe wa jumuiya ya Kiislamu ya Ahmadiyya, na baadaye meya wa kwanza Mwafrika wa jiji hili. Mwinjilisti mmoja kutoka Newala alichagua mwana mpotevu. Akafika hapa:

Baba alipomuona
yungali mbali kijana
bila ya kuulizana
akenda kumpokea.

Ubeti mzuri. Lakini kilichonifurahisha zaidi kilikuwa kabla yake. Luka anasema tu kwamba baba alimwona mwanawe alipokuwa bado yuko mbali. Utenzi hauishi kwa mstari mmoja, unataka beti. Basi mwinjilisti wangu ikambidi ajaze, na alichojaza ni miaka ya yule baba: anavyotoka asubuhi kutazama njia, anavyowauliza wachuuzi, anavyosikia habari za nguruwe akakataa kuamini, anavyogombana na mkewe kuhusu chumba cha mtoto, kipangishwe au kiachwe. Hakuna hata kimoja katika hayo kilichomo katika Injili, na sikuona kimoja kinachoipinga. Umbo la shairi lilimlazimisha kungoja pamoja na baba. Alipomaliza kusoma, darasa lilichelewa kupiga makofi.

Mnyampala naye alikuwa na Zaburi ya kupambana nayo. Ile ya 88 inaanza na kilio na inaishia gizani, haina ule mgeuko wa kawaida wa "lakini mimi nitamsifu Bwana." Nikiwauliza wanafunzi wahubiri kutoka Zaburi 88, karibu wote humalizia na Zaburi ya 23. Nawapunguzia alama.

Deni hilo la pwani lina upande wa ugomvi pia, na si haki niupake asali. Tafsiri ya kwanza ya Kurani nzima kwa Kiswahili iliyochapishwa, mwaka 1923, ni ya padri wa Kianglikana, Godfrey Dale, wa ile misheni ya vyuo vikuu ya Unguja. Hakuifanya kwa mapenzi matupu. Alitaka walimu wa Kikristo wajue wanabishana na nini. Waahmadiyya wakajibu kwa tafsiri yao mwaka 1953. Shehe Abdullah Saleh al-Farsy, hakuridhika na yoyote kati ya hizo mbili, akatoa yake kamili mwaka 1969, na Kiswahili chake ni kitamu mno. Mabishano yametuachia maktaba. Baadaye ikaja mihadhara ya hadhara, wahadhiri Waislamu wakiwa na Biblia mkononi wakijua sura na aya kuliko wazee wetu wa kanisa, na wengi wetu tulianza kusoma Biblia kwa makini kwa sababu ya aibu ya kushindwa mbele ya msikiti wa jirani. Mimi nimo.

Kwa hiyo kitabu nilichokisoma kwa furaha kubwa miaka hii nilikisoma na jirani yangu, mzee wa Kipemba, mstaafu wa bandarini, ambaye hunifuturisha kila Ramadhani na mimi humletea pilau ya Krismasi. Ni Peponi, riwaya ya Abdulrazak Gurnah ya mwaka 1994 ambayo Ida Hadjivayanis ameirudisha kwenye Kiswahili na Mkuki na Nyota wakaichapa mwaka 2022, mwaka mmoja baada ya mwandishi kupata Nobeli. Asiyekisoma na asiyependa kuambiwa mwisho aruke aya zinazofuata, aje kwa mwanafunzi wangu wa Tandale, kule mwishoni.

Yusuf, mtoto wa miaka kumi na miwili, anatolewa na baba yake kwa mfanyabiashara tajiri kama malipo ya deni. Anahudumu dukani, anapenda bustani ya tajiri, anasafiri na msafara kwenda bara, mke wa tajiri anamtamani na kumsingizia, shati linachanika kwa nyuma. Jirani yangu alitambua mara moja. Sura ya 12 anaijua kwa moyo. Ni ile ambayo Kurani yenyewe inaiita simulizi nzuri kuliko zote. Mimi nina Mwanzo 37 mpaka 50, ambazo nazifundisha kila mwaka. Tukawa tunasoma kila mtu na Yusufu wake kichwani.

Alipomaliza alinirudishia kitabu jioni, akasimama kwenye baraza bila kuketi. "Mwalimu, huyu Yusufu mbona hafiki Misri?"

Ndivyo ilivyo. Hakuna Farao, hakuna ghala la nafaka, hakuna ndugu wanaoinama. Wajerumani wanakuja kukusanya wanaume wa kuwafanya askari na wabeba mizigo, Yusuf anajificha mpaka wamepita, kisha anaukimbilia ule msafara wa Wajerumani uliokuwa umemtisha. Jirani yangu aliona ni dhuluma kwa Nabii. Nikamwambia nami nilihisi hivyo, mpaka nikakumbuka maneno matatu ya Mwanzo 41: "miaka miwili mizima." Yusufu ametafsiri ndoto ya mnyweshaji gerezani, amemwomba amkumbuke, mnyweshaji amesahau. Aya inayofuata inasema ikawa mwisho wa miaka miwili mizima, Farao aliota ndoto. Miaka miwili imepita katikati ya aya mbili, na mwandishi wa Mwanzo hakutuambia hata siku moja ya ndani yake.

"Hata kwetu," jirani akasema, na akaketi sasa. "Akakaa gerezani miaka kadhaa. Basi, yamekwisha."

Nadhani Gurnah ameandika hiyo miaka. Yusufu aliye gerezani hajui kwamba yumo katika hadithi yenye mwisho mzuri; anajua kuta na njaa na kwamba mtu aliyemwamini amemsahau. Ukimkatisha hadithi hapo, ni mtoto aliyeuzwa, basi, kama maelfu waliopita Bagamoyo na Kilwa bila ya kufika Misri yoyote. Mkristo anayesoma maneno ya Yusufu kwa nduguze, kwamba wao walikusudia mabaya na Mungu akayakusudia kuwa mema, anapaswa kwanza kujua ni gharama gani imelipwa kabla ya sentensi hiyo, na ni nani mwenye haki ya kuisema. Yusufu anaisema mwenyewe, akiwa mzee, baba yake ameshazikwa. Hakuna aliyemwambia akiwa shimoni. Sisi huwaambia watu wakiwa shimoni.

Jirani yangu hakukubali. Alisema kazi ya msimulizi ni kumfikisha mtu, na kwamba mimi nimesoma mno. Tumeliacha hapo, na amekiazima tena.

Nimefundisha hoja hii ya Jumamosi kwa muhula mzima, na naona niseme aliyeipinga vizuri kuliko wote. Ni mwanafunzi wa mwaka wa tatu, anaishi Tandale, mama yake anauza chakula karibu na kituo cha daladala. Alinyoosha mkono nilipokuwa nikiwacheka tena wachungaji wa dakika kumi za mwisho.

"Mwalimu, samahani," alisema. "Wewe unarudi nyumbani kuna umeme na kuna vitabu. Mama yangu Jumamosi anazo za kutosha. Yeye ni Jumamosi kuanzia Jumatatu. Akinunua filamu ananunua Jumapili, na anajua kabisa kwamba ni ya uongo. Anataka kumwona mtu anakuja. Hata akichelewa, hata akiwa na koti la kuazima. Kwani hata yule mchungaji wa filamu, si amemngojea saa nzima na nusu?"

Darasa likacheka, na kicheko kilikuwa upande wake. Nilimjibu kwamba kuna tofauti kati ya kungoja na kuangalia shetani akifurahi. Akasema tofauti hiyo ataiona mtu anayengojea kwenye kiti kizuri. Nikamwambia kwamba Zaburi 88 iliandikwa na mtu asiye na kiti. Akasema ndiyo, lakini walioipanga Zaburi hawakuifanya ya mwisho. Waliweka nyingine 62 baada yake. Alihesabu pale pale, kwa kutoa, mbele ya wenzake.

Anaandika tasnifu yake sasa, juu ya wanawake wa Tandale na filamu za Kiswahili, na msimamizi wake ni mimi. Ameshakaa vibandani na kwenye majiko ya watu akiwauliza walilia wapi na walicheka wapi, na anagundua kwamba wengi hawaangalii zile dakika kumi kabisa. Mchungaji akiingia wanasimama kuosha vyombo, kwa sababu wanajua tayari. Sijui bado kama hilo linamsaidia yeye au mimi. Rasimu ya sura ya kwanza ilinifikia wiki iliyopita, na inaanza kwa kunipinga kwa jina.